Kaburi la Mgomba

Mimi mashine siiogopi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Katumba wanapenda kusema kwamba Jeniffer wa mama Specioza alipagawa siku ile, na kila anayesimulia anaongeza chumvi mpaka mchuzi haulambiki. Sikupagawa. Nilikuwa na spana mkononi na akili zangu zote kichwani, na nilichokiona nilikiona mchana kweupe.

Kazi yangu ni ufundi wa mitambo. Gereji yetu ipo Misunkumilo, pembeni mwa Mpanda mjini. Mteja mgeni akinikuta nimelala chini ya mashine huniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Na mimi humjibu kwamba fundi amekwenda kuolewa, asubiri. Nimezoea. Maneno ya watu hayajawahi kulegeza nati.

Mwaka ule tajiri wetu alinunua kijiko kilichotumika, ile mashine ya njano yenye beleshi pana mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma. Kilitoka kwenye machimbo ya dhahabu huko kusini, kilikokuwa kimelala porini baada ya mashimo kufungwa. Na mashine ya machimboni hununui, unarithi, pamoja na magonjwa yake yote. Nilibadilisha mipira ya oili, nikabadilisha sili za jeki zilizokuwa zinavuja, nikaweka filta mpya. Nikataka kumwaga oili yote na kuosha tangi ndani. Tajiri akaja, akachovya kijiti, akasema oili ni safi, tusipoteze muda, kazi inasubiri Katumba. Haya. Mwenye mali kasema.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mtaro wa mabomba ya maji kupita vijiji kadhaa, na kimojawapo ni kijiji chetu, alipo mama yangu. Nilikwenda na Manyanda, opareta wetu, Msukuma wa Litapunga ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Ni pande la mtu, mpole, anaongea na mashine kama anaongea na maksai. Mimi ananiita mayu, mama, ingawa ni mkubwa kwangu, na ukimkataza anacheka tu.

Sasa lazima niwaambie habari za mdogo wangu, la sivyo hamtaelewa kitu.

Hezron aliondoka kwenda machimboni miaka tisa kabla ya hapo. Asubuhi anaondoka, kifungo cha mkono wa kushoto wa shati lake kilikuwa kimekatika. Lilikuwa shati la drafti za kijani, ndilo alilokuwa analipenda. Nikatafuta kifungo kinachofanana, hakuna, nikang'oa kimoja kwenye koti kuukuu la baba, cheusi, kikubwa, nikamshonea hicho kwa uzi mweupe na nikakaza mafundo mawili kama ninavyofanya siku zote. Alikiangalia akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Dada, hiki kifungo hakitoki mpaka nizikwe nacho." Nikamwambia aache uchuro, apande gari.

Alipiga simu miezi michache, kisha simu ikawa haipatikani. Wajomba walikwenda kumtafuta. Mmoja akaambiwa shimo liliporomoka, mwingine akaambiwa amevuka kwenda Kongo. Mwili hakuna, kaburi hakuna, mtu hakuna. Mama akaendelea kumpakulia chakula kila jioni, anafunika sahani, asubuhi anawapa kuku.

Shangazi Agatha, dada wa marehemu baba, ndiye aliyesema yatosha. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, unakatwa mgomba wenye urefu wake, unavishwa shuka aliyokuwa analalia, anaitwa jina lake mara moja kwa sauti, unazikwa. Kila mtu wa kijiji anatupa udongo, mkubwa na mdogo, ili msiba ufungwe na wenye nyumba walale. Nilitoka Mpanda siku hiyo nikiwa nimefura. Nilisimama getini nimekunja mikono mpaka wakamaliza, na sikutupa hata konzi moja. Niliwaambia wazi kwamba wanamzika mtu aliye hai. Mama hakuongea na mimi mpaka mahindi yakavunwa.

Basi. Siku kijiko kinashushwa Katumba, tukiwa tumeanza kuchimba mtaro, mchimbo mzuri kabisa, mkono unazama ardhini na kunyanyuka bila kusita, simu yangu ikalia. Ni mama, na hasemi neno, analia tu. Niliacha spana chini nikakimbia.

Nilimkuta amesimama uani, shangazi Agatha amemshika kitenge kiunoni kwa mikono yote miwili. Ungo wa maharage umemwagika. Na nje ya ua wa minyaa amesimama Hezron.

Nilikaa chini palepale nikalia kama mtoto, na kitu cha kwanza nilichosema, Mungu anisamehe, kilikuwa, "Si niliwaambia?"

"Umesema," shangazi alijibu. "Sasa nyamaza. Na asimguse mtu. Ana kaburi huyu."

Ndiyo desturi. Aliyezikiwa mgomba akirudi, haingii nyumbani, haguswi, hali sahani moja na mtu, mpaka mgomba wake utoke ardhini. Ukimkumbatia kabla ya hapo, kaburi litadai mtu wake, na litakuchukua wewe. Shangazi alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia mvua itanyesha, anua nguo.

Nilisogea mpaka kwenye minyaa. Alikuwa vilevile, na hicho ndicho kilichonifurahisha, mjinga mimi. Uso uleule, hana hata mvi moja, shati lilelile la drafti za kijani. Nikawaza, amelitunza. Alisimama ubavu, bega la kushoto kalizamisha ndani ya minyaa.

"Ulikuwa wapi, Hezron?"

"Chini, dada," alisema. Wachimbaji ndivyo wanavyosema, chini, wakimaanisha shimoni. "Nimechoka. Nataka kulala."

"Utalala. Toa bega kwenye minyaa, utomvu utakuunguza."

Hakutoa. Na minyaa, kama unaijua, tone moja likiingia jichoni unashinda siku nzima unaogelea machozi, na kwenye ngozi linachoma. Yeye aliegemea kama mtu aliyeegemea mto.

Tatizo likawa nani atafukua. Mkono uliofukia haufukui, alisema shangazi, na kijiji chote kilikuwa kimefukia. Mikono ambayo haikutupa udongo ilikuwa yangu tu, ya kaidi. Lakini mwanamke hashiki jembe la kaburi, wala mgeni asiye wa kijiji. Shangazi aliniangalia mimi, akaangalia barabarani kijiko kilikosimama, akaniangalia tena.

"Lile dude halikuwepo siku ya mazishi," alisema.

Manyanda hakukataa. Aliingiza kijiko uani kupitia kwenye geti la mkokoteni, akakisogeza mpaka nyuma ya jiko, kwenye kigongo cha udongo pembeni mwa migomba. Akashusha miguu ya kukishikilia, akanyoosha mkono, meno ya baketi yakagusa udongo.

Pampu ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba ya kukauka koo. Mkono ukasita, ukatetemeka, kisha ukashuka wenyewe polepole bila Manyanda kugusa leva yoyote, na baketi ikajilaza bapa juu ya kaburi. Ililala pale kama mama anavyomwekea mtoto kiganja mgongoni ili asinzie.

"Zima," nilisema.

Alizima. Tukangoja kidogo, akawasha. Mkono ukanyanyuka vizuri, mwepesi, hauna kosa. Akaupeleka tena kwenye udongo. Pampu ikalia tena, mkono ukashuka tena, ukajilaza palepale.

Mimi kwenye kazi sina mchezo wala hofu, nina hasira tu. Nilianza na vitu vya karibu. Oili nilipima, ilikuwa imejaa. Nikaikagua kama ina povu au imekuwa nyeupe kwa kuingiwa na maji, haikuwa. Nikapita kila mpira kwa kiganja, hakuna unyevu. Filta nilifungua, safi. Nikafunga geji ya presha: mkono ukiwa hewani presha inasimama panapotakiwa, meno yakigusa kaburi mshale unaanguka. Nikatoa valvu ya presha, nikaisafisha kwa petroli, nikairudisha. Ikawa vilevile.

"Mayu," Manyanda alisema taratibu, "turudi kwenye mtaro tuone."

Tulirudi. Kilichimba kama kimelipwa. Tulipokirudisha nyumbani kikafa.

Nikajiambia ni mteremko. Pale kaburini ardhi inalala kidogo, labda oili inakimbilia upande mmoja wa tangi. Hiyo ni hoja, na nilikuwa na furaha nayo. Nikatafuta mahali penye mteremko uleule, upande wa pili wa migomba ileile, nikamwambia Manyanda achimbe. Akachimba shimo la kumtosha ng'ombe, pampu haikulia hata kidogo. Tukasogea kaburini. Meno yakagusa, mkono ukalala.

Manyanda alivua kofia akaiweka mapajani. "Hii si ya spana, mayu."

"Ni ya nini? Ya fimbo? Mashine ni chuma na mafuta. Wewe vaa kofia yako."

"Nimevaa. Lakini nikuulize. Kaka yako amesimama juani tangu tumefika. Umemwona akitoka jasho?"

Nilimjibu vibaya. Maneno yenyewe siyarudii hapa, hakustahili kuyasikia. Lakini niligeuka nikaangalia, na Hezron alikuwa palepale, bega kwenye minyaa, anatazama kijiko. Hakumtazama mama wala mimi.

Jua likazama tukaacha. Nje ya ua kulikuwa na bani kuukuu la kukaushia tumbaku, enzi baba analima, na Hezron akaambiwa alale humo. Mama alimchinjia jogoo. Akapika na wali, akauweka mlangoni mwa bani kwa kunyoosha mkono ili asimsogelee, kisha akarudi akakaa nyuma ya geti kwenye kigoda. Alikataa kulala. Nilimsikia anaongea naye kupitia kwenye minyaa, anamsimulia nani kaoa, nani kafa, mbuzi gani kazaa. Hakunyamaza. Miaka tisa ya maneno ilikuwa imemjaa kifuani.

Asubuhi nilimkuta kigodani macho mekundu, anatabasamu.

"Amesema nini?"

"Si mtu wa maneno mengi. Ameniuliza kitu kimoja tu. Kama siku ile tulimwita jina."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia tulimwita. Shangazi yako alimwita. Akasema, basi nilisikia." Mama alifuta uso kwa kitenge. "Lakini hajala, Jeni. Wali haukuguswa. Labda tumbo halijazoea."

Nilikwenda kuchukua sahani. Wali ulikuwa umekauka juu, na jogoo kipande kwa kipande kama alivyopangwa. Hapo mlangoni pa bani pana sisimizi wa kufa mtu, ukidondosha chembe ya sukari wanajipanga. Kwenye sahani ile hakuwemo hata mmoja. Nilisimama nayo mkononi na mwili ukanisisimka, kwa mara ya kwanza. Nikajikemea. Nikamwaga wali kwenye majivu nikaenda kazini.

Mama alikuwa anachinja jogoo wa pili. "Leo ataingia," alisema. "Leo ataingia, atakula mezani kwangu." Nilijua nisipokitengeneza kile kijiko siku ile, yule mwanamke angekufa kwa kihoro, getini kwake, mtoto wake akiwa hatua chache kutoka kifuani kwake. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni. Mengine yote nilikuwa nimeyaweka pembeni.

Nilimwambia Manyanda awashe, apeleke mkono kaburini, na asiguse kitu. Nikaweka bisibisi ndefu kwenye pampu na mpini wake sikioni, ndivyo tunavyosikiliza. Ikaanza kulia. Nikafumba macho nikasikiliza vizuri, na nikaijua ile sauti. Ni sauti ya mtu anayemaliza soda kwa mrija. Ananyonya, ananyonya, na chupa haina kitu. Pampu haikuwa mbovu. Pampu ilikuwa na kiu, na tangi limejaa juu yake.

Nikazima, na palepale nikaelewa. Kuna kitu ndani ya tangi. Injini ikinguruma, pampu inavuta oili, na kitu hicho kinavutwa mpaka kinaziba mdomo wa bomba. Ukizima, mvuto unaisha, kinaachia, kinaelea zake. Ukiwasha tena, mambo mazuri, mpaka kirudi mdomoni. Ugonjwa wa kuja na kuondoka. Nilitaka kumbusu mtu.

"Leteni madumu," nilisema. "Namwaga oili yote."

"Tajiri atatuua," alisema Manyanda.

"Tajiri yuko Mpanda."

Tulikusanya madumu kijiji kizima. Oili ikatoka, nzito, ya rangi ya chai ya rangi, na ilipokwisha nikafungua mfuniko wa tangi, nikakunja mkono wa ovaroli mpaka begani, nikalala juu ya tangi na kuzamisha mkono. Nilipapasa chini. Chuma. Chuma. Kisha kitu laini.

Nilikivuta kikatoka kinachuruzika. Tambara. Nilicheka kwa sauti, nikamwonyesha Manyanda, nikamwonyesha shangazi Agatha aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha jiko. "Mnaona? Tambara. Hakuna mzimu hapa. Fundi wa machimboni alikuwa anafuta mdomo wa tangi akadondosha tambara lake ndani, basi." Na ndivyo tunavyofanya sote, hatununui matambara, tunatumia nguo yoyote iliyokosa mwenyewe.

Nililikamua. Oili ikatiririka katikati ya vidole, na chini ya uchafu zikaanza kuonekana drafti. Zilikuwa za kijani.

Lilikuwa mkono mzima wa shati, umechanwa begani. Niliugeuza mpaka mwisho wake. Hapo palikuwa na kifungo cheusi, kikubwa, cha koti, kimeshonwa kwa uzi ambao zamani ulikuwa mweupe, na nyuma yake mafundo mawili.

Sijui nilikaa vipi juu ya lile tangi. Najua tu kwamba nilinyanyua macho nikaangalia kwenye minyaa, na Hezron alikuwa ametoka. Alikuwa amesimama wazi, amenigeukia mzima mzima kwa mara ya kwanza tangu aje. Shati lake upande wa kushoto lilikuwa limechanwa begani. Mkono wake ulikuwa mtupu, umejaa vumbi jekundu toka begani hadi kwenye kucha, vumbi la chini, na jua lile kali halikuung'arisha hata kidogo.

"Kimebaki, dada?" aliuliza. Hakupaza sauti, na kati yetu palikuwa na ua mzima, lakini nilimsikia kama amekaa karibu yangu.

"Kimebaki," nilisema.

"Basi toa huo mgomba. Nimechoka."

Nilielewa. Machimboni mtu akibaki chini, nguo alizoziacha hemani hazina mwenyewe. Zinagawanywa, zinachanwa, zinafutia mitambo. Mdogo wangu alikuwa amekufa miaka yote ile, miaka ile niliyotembea kifua mbele nikisema yu hai, na kilichobaki kwake juu ya ardhi ni mkono mmoja wa shati ndani ya tangi la mafuta. Kijiko kilipouzwa, akaja nacho. Hakuja kuingia ndani kwa mama. Alikuja kwa sababu aliitwa jina kwenye kaburi, na alipofika akakuta pana mtu, huo mgomba.

Nililia bila sauti, uso nimeugeuzia kwenye chuma. Nilikuwa nimekosea, na nilikuwa nimewatukana watu waliokuwa sahihi, na nilimtaka mdogo wangu. Hayo matatu yalinijia pamoja.

Manyanda alikuwa amesimama chini yangu, ameona ule mkono wa shati, na ameona alichokiona kule kwenye minyaa. Alianza kurudisha oili kwenye tangi, dumu moja baada ya jingine.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Mkononi ana beseni la maji ya kunawa na sabuni, na nyuma yake, mezani kwenye kivuli chembamba cha paa, palikuwa pamefunikwa chakula. "Kimepona?" aliuliza.

Ningemwambia hapo ningekuwa nimemuua mwanawe mbele yake. Nisingemwambia, angefungua mikono kukumbatia upepo. Nilikosa ujasiri wa lolote kati ya hayo.

"Kimepona, mama," nilisema.

Manyanda akawasha. Mkono ukanyooka, meno yakagusa udongo, na pampu haikulia. Ulizama kama mwiko kwenye uji. Baketi ikatoka na udongo mweusi na nyuzi za shuka iliyooza, na hicho ndicho kilichobaki cha mgomba. Akachota tena, na tena, mpaka chini pakawa peupe. Shimo likabaki wazi, safi, lenye urefu wa mtu.

Shangazi Agatha alisimama, akachungulia ndani. "Haya," alisema. "Hana kaburi. Aingie."

Mama aliweka beseni chini. Akaenda getini, akalifungua lote, pande mbili, kama linavyofunguliwa kwa mkokoteni, akanyoosha mikono. "Hezroni," aliita. "Njoo, mwanangu. Njoo sasa."

Njia ilikuwa tupu. Kwenye minyaa alipokuwa ameegemea siku mbili halikuvunjika hata tawi moja, wala hapakuwa na tone la utomvu. Mlango wa bani ulikuwa wazi, na mama alikwenda mpaka huko, akaingia, akatoka. Aliita tena. Aliita mara nyingi. Sitaki kukumbuka mara ngapi.

Kisha akarudi, akapita geti, akaja moja kwa moja kwangu. "Jeni. Amekwenda wapi?"

Nilifikiria kudanganya. Nilifikiria kusema ameona haya, ameondoka, atarudi. Mama angeamini, na angerudi kwenye kigoda chake nyuma ya geti, na sahani yake iliyofunikwa, mpaka kufa kwake. Nikafungua kiganja.

Alikishika kile kifungo. Akakigeuza, akayaona mafundo. Kidole gumba chake kikazunguka juu ya kifungo.

"Hiki ulikishona wewe," alisema.

"Ndiyo, mama. Kilikuwa ndani ya mashine."

"Kwa hiyo hajala."

"Hajala, mama."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, miguu ameinyoosha. Nilidhani ataangua kilio, nikapiga magoti ili nimshike. Hakulia. Alivuta lile beseni la maji ya kunawa, akachukua sabuni, akauchukua ule mkono wa shati kutoka kwangu, akaanza kuufua.

Oili ya mashine haitoki kirahisi. Maji yakawa meusi, akayamwaga, akaomba mengine. Nilimwambia, "Mama, acha, haitatoka." Hakuniangalia.

"Hawezi kulala na oili," alisema.

Shangazi Agatha alileta ndoo nyingine. Akakaa upande wa pili wa beseni, akashika mwisho mmoja wa kitambaa na mama akashika mwingine, wakakifikicha taratibu, bila kukibana, jinsi wanawake wanavyomwosha maiti. Walifua mpaka kijani kikaonekana. Kisha mama akavua kile kitenge chake kipya, akabaki na gauni, akaviringisha ule mkono wa shati ndani yake, kifungo kikiwa juu.

Manyanda alikuwa amezima kijiko na amekisogeza mbali. Majirani walikuja mmoja mmoja bila kuitwa. Mama aliingia mwenyewe shimoni, akamlaza, akatoka. Shangazi akaita jina, mara moja, kwa sauti. Kila mtu akatupa udongo.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliinama nikachota konzi moja, nikamtupia mdogo wangu, na safari hii sikubishana na mtu.